Jina la Dalili na Jina la Kisababishi: Istilahi za Kiswahili na Utambuzi wa Kimolekuli wa Kuvu Zinazoshambulia Mkorosho

Ikisiri

Makala haya yanachunguza majina ya Kiswahili ya magonjwa ya mkorosho yanayosababishwa na kuvu, na kuyapima kwa mizani ya maarifa yaliyoletwa na utambuzi wa kimolekuli, yaani utambuzi wa viumbe kwa kusoma DNA yao. Hoja kuu ni kwamba majina mengi kati ya haya yalitokana na dalili zinazoonekana kwa macho, ilhali maabara ya leo hutaja kisababishi kisichoonekana. Pale ambapo dalili moja ina visababishi zaidi ya kimoja, jina moja linaweza kumwelekeza mkulima kwenye dawa isiyomfaa. Makala yanapendekeza kwamba jina la dalili lisifutwe, bali liunganishwe na jina la kisababishi, kama ilivyofanyika katika istilahi "mnyauko fusari".

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii hufunza kuwa jambo kubwa hutanguliwa na ishara, na kwamba mwenye busara huisoma ishara hiyo mapema. Waswahili hao hao husema pia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii ya pili hutahadharisha kuwa adui anaweza kuwa karibu mno asionekane. Suala linalojadiliwa katika makala haya limo kati ya methali hizi mbili. Mkulima wa korosho huuita ugonjwa kwa wingu analoliona. Mtaalamu wa maabara huuita kwa kile kilichojificha nguoni. Je, Kiswahili kina namna ya kuyaunganisha majina haya mawili?

Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini swali la namna hii lielekezwe kwa mwanafunzi wa Kiswahili badala ya mwanafunzi wa kilimo. Jibu ni kwamba matokeo ya maabara humfikia mkulima kama neno. Mkulima wa Msambweni haoni mashine wala haisomi ripoti. Anachopata ni jina la ugonjwa kutoka kinywani mwa afisa wa kilimo, na kutokana na jina hilo huamua kama atanunua dawa, atakata tawi au atang'oa mti mzima. Jina likikosewa, uamuzi hukosewa.

Uzito wa suala hili unaonekana katika historia ya zao lenyewe. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 17,000. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: kuhamishwa kwa wakulima mbali na mikorosho yao wakati wa kuundwa kwa vijiji vya ujamaa, bei duni, na ugonjwa wa ubwiriunga, ambao uliripotiwa nchini humo mwaka wa 1979. Ufufuzi wa zao hilo ulitegemea, pamoja na mambo mengine, utafiti wa matumizi ya salfa uliofanywa katika kituo cha Naliendele, Mtwara. Katika msimu wa 2017/18 uzalishaji ulizidi tani 300,000. Hapa Kenya mkorosho hukuzwa katika kaunti za Kilifi, Kwale na Lamu, na wakulima wake wanashiriki na wenzao wa Tanzania mti mmoja na lugha moja.

2.0 Mkorosho na Msamiati Wake

Kabla ya kuyatazama magonjwa, ni muhimu kuutazama utajiri wa msamiati unaohusu mti wenyewe. Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Ulitoka Brazili na kuletwa na Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki kwenye karne ya 16. Hata hivyo, Kiswahili kiliupokea na kuufanya wake. Mti huu huitwa mkorosho, mkanju au mbibo kutegemea mahali na msemaji. Neno "kanju" limehifadhi sauti ya neno la Kireno lililokuja pamoja na mbegu. Tunda lenye maji huitwa bibo au kanju; mbegu iliyokomaa ni korosho; nayo korosho changa ambayo bado ni mbichi huitwa dunge.

Mtaalamu wa mimea atasema kwamba bibo si tunda kamili bali ni kikonyo kilichovimba, na kwamba tunda halisi ni lile linaloning'inia chini yake likiwa limeibeba korosho. Kiswahili hakina nadharia hiyo, lakini kimevipa vitu viwili majina mawili, na kikaongeza jina la tatu kwa ajili ya hatua ya uchanga. Hivyo basi, mahali ambapo jicho, mkono na ulimi wa mtumiaji wa lugha vilifika, majina hayakukosekana. Upungufu unaanzia pale ambapo jicho halifiki.

3.0 Majina Yaliyozaliwa na Jicho

Kati ya majina ya magonjwa ya kuvu ya mkorosho yanayotumiwa na wakulima na maafisa wa kilimo, manne yanafaa kuchunguzwa hapa: ubwiriunga, chule, blaiti na mnyauko.

Ubwiriunga ni neno ambatani linaloundwa na nomino mbili, "ubwiri" na "unga". Ugonjwa huu hufunika maua, majani machanga na dunge kwa utando mweupe unaofanana na unga uliomwagika. Maua yaliyoshambuliwa hunyauka na kukauka, na shada zima huweza kupotea bila kutoa korosho hata moja. Kimuundo, neno hili lina ndugu: "ubwiri vinyoya", jina la ugonjwa mwingine ambao utando wake huonekana kama manyoya mafupi chini ya jani. Maneno haya mawili yanaonyesha mfumo wenye mantiki. Kitu kimoja, ubwiri, kimegawanywa katika aina mbili kwa kigezo cha sura yake.

Chule huacha mabaka ya kahawia au meusi yaliyodidimia kwenye majani, vichipukizi, mabibo na korosho. Jina hili halitumiki kwa mkorosho pekee, bali hutajwa pia katika maharagwe, maembe na mimea mingine yenye mabaka ya aina hiyo. Blaiti ni neno la mkopo kutoka Kiingereza lililotoholewa kwa kuongezewa irabu ya mwisho ili lifuate muundo wa silabi za Kiswahili. Hutumika kwa ugonjwa unaobabua majani na korosho. Mnyauko nao ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi "nyauka".

Majina haya yote manne hufanya kazi ya kutaja dalili. Hata blaiti, ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana la kitaalamu kwa kuwa ni la kigeni, halitaji kisababishi chochote. Katika lugha lilikotoka pia ni jina la hali ya mmea kubabuka na kukauka. Kukopa neno, kwa hivyo, si sawa na kukopa maarifa. Lugha inaweza kulitohoa jina la kigeni na bado ikabaki mahali ilipokuwa, yaani mbele ya dalili.

Hili si kosa la Kiswahili wala si dalili ya uchanga wake. Majina ya dalili yana faida kubwa. Ni angavu, yanakumbukika, na humwezesha mkulima kuutambua ugonjwa shambani bila chombo chochote. Tatizo huzuka tu pale jina la dalili linapochukuliwa kuwa jina la kisababishi.

4.0 Namna Maabara Inavyosoma Kisababishi

Kuvu ni kiumbe ambacho mwili wake ni nyuzi nyembamba mno, na huenea kwa spora ndogo zisizoonekana kwa macho. Kwa miaka mingi wataalamu walizitambua kuvu kwa kuzitazama kwa hadubini na kulinganisha maumbo ya spora. Njia hii ingali inafaa, lakini ina mipaka miwili. Kwanza, kuvu mbili tofauti zinaweza kuwa na spora zinazofanana sana. Pili, kuvu nyingine, zikiwemo zile za ubwiriunga, huishi kwenye mmea hai tu na haziwezi kuoteshwa katika sahani ya maabara ili zichunguzwe kwa utulivu. Utambuzi wa kimolekuli ulikuja kuvuka mipaka hii.

Kila kiumbe hai hubeba ndani ya seli zake DNA, molekuli ndefu ambayo mfuatano wa sehemu zake huwakilishwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Kwenye jani lililoambukizwa, DNA ya kuvu huwa kidogo mno na imechanganyika na DNA ya mmea. Ili isomeke, lazima kwanza inakiliwe mara nyingi. Mbinu ya kufanya hivyo ni PCR, iliyobuniwa mwaka wa 1983 na Mmarekani Kary Mullis, ambaye alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1993 kwa ubunifu huo. Jina hilo linaweza kufasiriwa kuwa mmenyuko mnyororo wa polimerasi, polimerasi ikiwa ni kimeng'enya kinachojenga nakala za DNA.

Kazi hufanyika kwa mizunguko ya joto. Mchanganyiko hupashwa hadi takriban nyuzi 95 za Selsiasi, na nyuzi mbili za DNA zilizosokotana huachana. Joto hushushwa hadi kati ya nyuzi 50 na 60, na vipande vifupi vya DNA vinavyoitwa hapa vianzio hujishikiza mahali vinapolingana. Kisha joto hupandishwa hadi nyuzi 72, na kimeng'enya hujenga nakala kuanzia kwenye vianzio hivyo. Kimeng'enya kilichowezesha jambo hili kustahimili joto kali kilitokana na bakteria Thermus aquaticus, iliyopatikana katika chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni 1.

Je, vianzio hujuaje pa kushika? Msomi wa ushairi wa Kiswahili atalielewa jambo hili kwa urahisi. Katika shairi lenye kibwagizo, mshororo wa mwisho hurudiwa bila kubadilika katika kila ubeti, ilhali mishororo inayotangulia hubadilika. Anayekijua kibwagizo anaweza kutambua ubeti unapoishia na unaofuata unapoanzia, hata kama hajawahi kulisoma shairi lenyewe. Kisha husoma mishororo iliyo kati ya vibwagizo viwili, na kutokana nayo hujua ni ubeti upi. DNA ya kuvu ina sehemu inayofanana na hali hiyo. Sehemu hiyo, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi ITS, imezungukwa na mifuatano ambayo karibu haibadiliki kutoka kuvu moja hadi nyingine. Vianzio hushika kwenye mifuatano hiyo isiyobadilika, na sehemu ya kati inayobadilika ndiyo inayosomwa ili kutambua spishi. Vianzio vya sehemu hii vilivyochapishwa mwaka wa 1990 na White na wenzake vimetumika kote duniani, na mwaka wa 2012 ITS ilipendekezwa kuwa kitambulisho kikuu cha kuvu zote.

Ipo pia mbinu ya LAMP, iliyochapishwa na watafiti wa Kijapani mwaka wa 2000. Hii hufanya kazi kwa joto moja tu, kati ya nyuzi 60 na 65, na matokeo yake yanaweza kuonyeshwa kwa mabadiliko ya rangi. Kwa kuwa haihitaji mashine ya kupandisha na kushusha joto, inaweza kusogezwa karibu na shamba. Kadiri mbinu zinavyosogea karibu na mkulima, ndivyo haja ya kumweleza matokeo kwa Kiswahili sahihi inavyoongezeka.

5.0 Dalili Moja, Visababishi Vingi

Utambuzi wa kimolekuli umeyatikisa majina ya kale, ya Kiswahili na ya kisayansi vilevile. Kuvu ya ubwiriunga wa mkorosho ilielezwa kutoka Brazili mwaka wa 1898 na kuitwa Oidium anacardii, jina lililoifunga kuvu hiyo na mkorosho. Mwaka wa 2006 Limkaisang na wenzake walichapisha uchanganuzi wa DNA wa kuvu za ubwiriunga kutoka kwenye miti kadhaa ya nchi za joto, ukiwemo mkorosho, mwembe na mpira. Walibainisha kuwa kuvu hizo zina undugu wa karibu na Erysiphe alphitoides, kuvu inayoshambulia mialoni. Kilichodhaniwa kuwa adui wa mkorosho peke yake kilionekana kuwa wa ukoo mpana wenye makao katika miti mingi.

Huko Brazili kwenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa unga mweupe kwenye mkorosho unaweza kusababishwa na spishi mbili tofauti. Moja, Erysiphe necator, ambayo ndiyo inayojulikana kwa kuushambulia mzabibu, ilipatikana kwenye majani makomavu. Nyingine, Erysiphe quercicola, ilishambulia sehemu changa za mmea, ambazo ndizo zinazobeba mavuno. Kwa macho, zote mbili ni unga. Kwa hasara, si sawa hata kidogo.

Chule nayo imekutwa na hali hiyo. Kuvu iliyozoeleka kutajwa kama kisababishi chake katika mkorosho ni Colletotrichum gloeosporioides. Mwaka wa 2012 Weir na wenzake, wakitumia mifuatano ya DNA kutoka sehemu kadhaa, walionyesha kuwa jina hilo lilifunika kundi la spishi 22. Tangu hapo, mtafiti anayesema tu kwamba amepata gloeosporioides bila kuonyesha DNA huulizwa: ipi kati ya hizo?

Mfano ulio wazi zaidi kwa mwanaisimu ni wa "ubwiri". Ilielezwa hapo juu kwamba ubwiriunga na ubwiri vinyoya ni jozi yenye mfumo mzuri wa kimuundo. Hata hivyo, uchunguzi wa kimolekuli umethibitisha kwamba visababishi vya ubwiri vinyoya si kuvu halisi. Ni viumbe vilivyo karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko kuvu. Maneno mawili yaliyo ndugu katika lugha yanataja viumbe visivyo ndugu katika maumbile. Tofauti hii ina matokeo shambani. Salfa, inayoangamiza ubwiriunga, haiwezi kutegemewa dhidi ya ubwiri vinyoya; kwa huo dawa ya kale ni mchanganyiko wa mrututu na chokaa, ulioanza kutumika katika mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, katika miaka ya 1880. Mkulima anayesikia "ubwiri" pekee, bila neno la pili, hawezi kuchagua kati ya salfa na mrututu. Hivyo, neno la pili katika istilahi hizi si pambo. Ndilo linalobeba uamuzi.

6.0 Mnyauko Fusari: Istilahi ya Ngazi Mbili

Mwaka wa 2012 ugonjwa usiozoeleka ulionekana kwenye mikorosho katika kijiji cha Magawa, wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani nchini Tanzania. Majani yalipoteza rangi, yakanyauka na kukauka, na hatimaye miti ikafa. Mwaka wa 2016 Tibuhwa na Shomari walichapisha matokeo yaliyoutambua ugonjwa huo kuwa mnyauko unaosababishwa na kuvu ya jenasi Fusarium, na wakatahadharisha kuwa ni tishio jipya kwa zao hilo. Tafiti zilizofuata zilikitaja kisababishi kuwa ni Fusarium oxysporum.

Hapa ndipo tofauti ya jina la dalili na jina la kisababishi inapogeuka kuwa suala la riziki ya mtu. Mti unaweza kunyauka kwa ukame, kwa mchwa waliokula mizizi, kwa maji yaliyotuama au kwa kuvu. Dalili ni moja, lakini hatua za kuchukua ni nne tofauti. Kuvu ya Fusarium hukaa udongoni na kuingia kupitia mizizi, kisha huziba mishipa inayopeleka maji juu. Aidha, huacha spora ngumu zinazoweza kudumu ardhini kwa miaka. Salfa iliyopulizwa kwenye majani haiwezi kuifikia. Mkulima aliyeokoa mikorosho yake kwa salfa dhidi ya ubwiriunga anaweza kuipuliza tena kwa imani ile ile, akapoteza fedha na mti. Vibaya zaidi, anaweza kulibeba jembe lenye udongo wa mti uliokufa hadi kwenye mti mzima, na hivyo kuueneza ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

Istilahi "mnyauko fusari" inastahili kuchunguzwa kwa sababu inabeba habari zote mbili. Neno la kwanza limetolewa kwenye kitenzi cha Kibantu na linamwonyesha mkulima atakachokiona. Neno la pili limetoholewa kutoka jina la kisayansi na linamtajia kisababishi. Kiambishi cha Kilatini kimedondoshwa na neno likaishia kwa irabu, hivyo linatamkika bila taabu. Mkulima asiyejua lolote kuhusu jenasi Fusarium anajua angalau kwamba huu si mnyauko wa jua. Neno "fusari" limemtenga adui mmoja kutoka kwa wengine wanaovaa sura ile ile.

7.0 Kugundua, Kutambua na Kuthibitisha

Katika matumizi ya kila siku, vitenzi "gundua", "tambua", "baini" na "thibitisha" hubadilishana nafasi bila hasara kubwa. Katika uwanja huu kubadilishana huko kunapotosha, kwa kuwa vipimo vya kimolekuli hujibu maswali matatu ambayo hayana budi kutenganishwa.

Swali la kwanza ni kama DNA ya kuvu fulani imo katika sampuli. Jibu lake linafaa kuitwa ugunduzi. Swali la pili ni kuvu hiyo ni ya spishi gani. Hili ni suala la utambuzi. Kwa kuvu za Fusarium, sehemu ya ITS mara nyingi haitoshi kutenganisha spishi zilizo karibu, na wataalamu hulazimika kusoma sehemu nyingine za DNA, kama mtu asomaye ubeti wa pili na wa tatu kabla ya kumtaja mtunzi. Swali la tatu ni kama kuvu hiyo ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Jibu la swali hili ni uthibitisho, na PCR pekee haiwezi kuutoa.

Sababu ni mbili. Kwanza, DNA inaweza kubaki kwenye sampuli hata baada ya kuvu kufa. Pili, Fusarium oxysporum ni spishi yenye jamaa wengi, na baadhi yao huishi udongoni na kwenye mizizi bila kuudhuru mmea. Kuikuta kwenye mzizi wa mkorosho unaonyauka hakutoshi kuihukumu. Hukumu huhitaji kuitenga kuvu, kuiingiza katika mche wenye afya, kuona dalili zile zile zikitokea, kisha kuitenga upya kutoka mche huo. Afisa anayemwambia mkulima kuwa "imethibitishwa" ilhali imegunduliwa tu, anaweza kusababisha mti kung'olewa bila hatia. Mfasiri wa ripoti za kilimo anahitaji uangalifu huu kama mfasiri wa sheria anavyohitaji kutofautisha mshukiwa, mshtakiwa na mfungwa.

8.0 Vigezo vya Istilahi na Mapendekezo

Wanafunzi wa istilahi wanakifahamu kigezo cha PEGITOSCA kilichoasisiwa na Kiingi, mtaalamu wa istilahi kutoka Uganda. Miongoni mwa mambo yanayosisitizwa na kigezo hiki ni usahihi, uwekevu, ukimataifa, uangavu na ukubalifu. Istilahi za uwanja huu huvutwa na vigezo hivi kuelekea pande tofauti.

Chukua mfano wa maneno "jeni" na "kinasaba". "Jeni" lina ukimataifa, nalo limezoeleka katika vitabu vya shule nchini Kenya. "Kinasaba", linalotumiwa zaidi Tanzania, lina uangavu wa kupigiwa mfano. Neno "nasaba" ni la kale katika pwani, ambako koo zilihifadhi orodha za vizazi vyao. Mtaalamu anayelinganisha DNA ya kuvu ya mkorosho na ile ya mwaloni kwa hakika anatafuta nasaba. Hata hivyo, wingi wake "vinasaba" hutumika mara kwa mara kumaanisha jeni na vilevile kumaanisha DNA nzima. Hapo uangavu umepatikana na usahihi umepungua. Makala haya yanapendekeza kwamba "kinasaba" litumike kwa jeni, na molekuli yenyewe iitwe DNA.

Hali ni hiyo kwa maneno "kuvu", "ukungu" na "fangasi". "Ukungu" lina maana nyingine ya mvuke mzito wa asubuhi, hivyo huleta utata. "Fangasi" kwa wasemaji wengi hukumbusha ugonjwa wa ngozi. "Kuvu" halina mizigo hiyo, na ndilo linalofaa kushikiliwa katika maandishi ya kilimo. Kuhusu PCR, herufi zenyewe zilienea kwa umma kupitia vipimo vya korona kuanzia mwaka wa 2020. Ukubalifu umekwisha patikana, na tafsiri ndefu inafaa kubaki kama maelezo tu.

Pendekezo kuu linahusu kamusi. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1990, wakati taasisi hiyo bado haijawa TATAKI, ilionyesha kuwa Kiswahili kinaweza kukusanya istilahi za sayansi kwa utaratibu. Kwa magonjwa ya mimea, kila kidahizo kingefaa kuwa na sehemu tatu: dalili, kisababishi na jambo linaloutenga ugonjwa na mwingine unaofanana nao. Vielelezo viwili vifuatavyo vinaonyesha muundo huo:

ubwiriunga nm [u-] ugonjwa wa mimea unaofunika sehemu changa kwa utando mweupe kama unga. Husababishwa na kuvu za jamii ya Erysiphe. Tofautisha na ubwiri vinyoya, ambao kisababishi chake si kuvu halisi wala haudhibitiwi kwa salfa.

mnyauko fusari nm [u-/i-] ugonjwa unaonyausha mmea kuanzia kwenye mishipa ya maji. Husababishwa na kuvu ya jenasi Fusarium iliyomo udongoni. Tofautisha na mnyauko wa ukame au wa mchwa.

Kwa blaiti, ambayo mwaka wa 2006 iliripotiwa kusababishwa na kuvu za jenasi Cryptosporiopsis nchini Tanzania, na kwa chule, muundo huo huo unaweza kufuatwa. Si lazima kila spishi kati ya 22 za chule ipewe jina la Kiswahili. Inatosha kidahizo kimweleze msomaji kwamba chule ni jina la kundi, na kwamba spishi huthibitishwa maabarani.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba majina ya Kiswahili ya magonjwa ya mkorosho ni kumbukumbu ya uangalifu wa jicho la mkulima, na kwamba utambuzi wa kimolekuli umefichua kilicho nyuma ya dalili. Imebainika kuwa kukopa neno la kigeni peke yake hakuondoi tatizo, na kwamba istilahi yenye ngazi mbili, kama "mnyauko fusari", humpa mkulima kile anachokiona pamoja na kile asichoweza kukiona.

Kazi inayosalia ni ya nyanjani. Majina yanayotumiwa na wakulima wa Kilifi, Kwale na Lamu yanafaa kukusanywa na wanafunzi wa Kiswahili na kuwekwa sambamba na yale ya Mtwara na Pwani, kisha yapelekwe kwa wataalamu wa maabara ili kila jina lijulikane linafunika kisababishi kipi. Wanafunzi wa kilimo wana mashine za kusoma DNA. Wanafunzi wa Kiswahili wana ujuzi wa kusoma maneno. Mkulima anayesimama mbele ya mkorosho unaonyauka, asijue kama amwagilie maji au ang'oe, anahitaji makundi haya mawili yazungumze kabla mti wa pili haujaanza kunyauka.